Siku Tatu Mkoani Mara na Kasisi wa Jeshi

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma kwa basi, utapita Magu, kisha Lamadi, na karibu na lango la Ndabaka barabara inapakana na hifadhi ya Serengeti. Tulikuwa akina mama wanne. Mmoja wetu alikuwa hajapata kumwona nyumbu maishani mwake, akakaa dirishani safari nzima. Aliona mbuzi tu hadi Bunda. Bunda tulipita bila kushuka, na saa tisa alasiri tukawa stendi ya Bweri, Musoma, tumejaa vumbi na njaa.

Tuliyemfuata ni mchungaji mstaafu kutoka Kenya, Mkuria wa ng'ambo ya Sirari, ambaye dada yake ameolewa hapa mjini mtaa wa Nyasho. Kwa miaka mingi alikuwa kasisi wa jeshi. Askari wa kwao humwita kasisi wao "padre", awe Mkatoliki au Mprotestanti. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, mwaka ule ule wa njaa kubwa, na mwaka uliofuata yakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika. Mchungaji huyu alipelekwa huko mara mbili. Sisi tulikuwa na swali ambalo wake na mama za askari hujiuliza wakiwa peke yao jikoni: hawa wetu wakipelekwa nchi za watu, wanafanya nini zaidi ya kupigana? Tunasikia wanatibu wagonjwa na kugawa chakula. Je, ni kweli, na je, ni jambo jema?

Mkoa wa Mara unafaa kwa swali hili. Tangu enzi za K.A.R., vijana wa huku, Wakuria, Wazanaki, Wajita na wengineo, wamekuwa wakienda jeshini, na si rahisi kupata ukoo usiokuwa na askari. Lakini Mara ni pia nyumbani kwa Kanisa la Mennonite. Wamisionari wake walifika Shirati mwaka 1934, na tangu asili Wamennonite hufundisha kwamba Mkristo asishike silaha. Kwa hiyo utakuta familia moja, kaka yuko kambini na dada yuko kwaya ya Kimennonite, na sikukuu wanakula sahani moja.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa namna hiyo, mjane mzee anayeishi Bukiroba, nje kidogo ya mji. Alitupikia sato kwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, ule ambao ukishaula huhitaji kitu hadi kesho. Mchungaji alipoletwa na shemeji yake alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia vizuri kabisa. Lakini sahani zilipoondolewa hakungoja.

"Mchungaji, sisi kanisani kwetu tulifundishwa kulisha wenye njaa. Wenzetu wa Marekani waliunda kamati yao ya misaada mwaka 1920, wakapeleka chakula Ukraine watu walikokuwa wanakufa. Hawakubeba bunduki. Ninyi mnawezaje kubeba vyote viwili, mkono huu unga, mkono huu bunduki?"

Tuliona aibu kwa niaba ya mgeni. Yeye hakuona. Alisema hilo ndilo swali lililomstaafisha akiwa bado ana nguvu. Kisha akatusimulia jambo moja.

Katika mji mmoja mdogo, hakuutaja jina, madaktari wa jeshi walikuwa wakitibu raia, hasa wanawake na watoto, na siku nyingine walikuwa wakigawa unga. Yeye alipenda kusaidia kugawa, kwa sababu, alisema, mahubiri yalikuwa yamemwishia. Siku moja mama mwenye mtoto mgongoni alifika mbele ya foleni akakunjua nguo yake chini, akaonyesha kwa mkono kwamba anataka unga umwagwe pale. Mkalimani akaeleza: mama hataki gunia, gunia lina alama. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Mchungaji akamwambia achukue kama lilivyo, wenzake wanangoja. Akalichukua. Wiki iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Mchungaji aliuliza, na watu wakatazama pembeni. Kule, anayeonekana amepokea kitu cha majeshi anaweza kuulizwa usiku na al-Shabaab, wakati askari wamekwisha kurudi kambini.

"Labda alihama tu," mmoja wetu alisema.

"Labda," alijibu. "Mimi nina miaka mingi ninasema labda."

Usiku ule wengine wetu hatukulala vizuri. Sisi pia tumegawa misaada makanisani, na tunajua jinsi foleni inavyochosha hadi ukaacha kutazama nyuso.

Kesho yake tulirudi Bunda pamoja naye. Bunda ni mji wa njia panda: magari ya Mwanza na ya Sirari yanapishana hapo, na barabara ya Kisorya inatoka kuelekea Ukerewe. Kwa hiyo kila kitu kinauzwa, na dagaa wakavu husikika kabla hujawaona. Hapo tulimtembelea mama mmoja muuza dagaa, ambaye mwanawe alikuwa Kongo na Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ya Umoja wa Mataifa. Brigedi hiyo iliidhinishwa na Baraza la Usalama Machi 2013, ikaundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mama huyu anaikumbuka Desemba 2017 kuliko sisi sote. Tarehe 7 mwezi huo kambi ya askari wetu kule Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na miili 14 ililetwa nyumbani kuagwa. Siku mbili nzima simu ya mwanawe haikupatikana. Alikuwa salama, katika kambi nyingine.

Mwanawe humwambia kwamba kule lugha ndiyo iliyowasaidia. Raia wa Kivu wanasema Kiswahili, basi mama mwenye mtoto mgonjwa huja langoni akaeleza mwenyewe, bila mkalimani. Mama wa Bunda alijivunia jambo hilo. Kisha akamimina chai, akauliza bila kutazama mtu, "Na wale wa mwaka 2023, Baba Mchungaji?"

Wasomaji wengine watakumbuka. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari wetu 60 kutoka magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kupata ushahidi kwamba 11 kati yao waliwadhulumu kingono watu wanne. Si habari ya kusoma mbele ya watoto, lakini sisi tulio wake na mama hatuwezi kujifanya hatukuisikia.

Mchungaji alijibu polepole. Alisema mambo hayo mara nyingi huanza kwa wema. Askari kijana ana biskuti mfukoni, anaona msichana mwenye njaa, anampa. Kesho msichana anarudi. Kesho kutwa anarudi peke yake. Mwenye njaa hana uwezo wa kukataa, na mwenye bunduki si rahisi aamini kwamba alikubaliwa kwa hofu. Ndiyo maana yeye aliwasihi vijana wake wasigawe kitu kutoka mfukoni hata kimoja. Jeshi lilinde barabara, lichimbe kisima, daktari wake atibu, kisha liondoke. Unga ugawiwe na akina mama wa mji ule ule, kwa vyombo vyao wenyewe. "Wao wanajua nani anahitaji kumwagiwa katika nguo," alisema. Kwa maoni yetu, hili ndilo neno la maana zaidi tulilolipata safarini.

Siku ya tatu tulikwenda Butiama. Unaiacha barabara kuu pale Makutano, unapanda taratibu kati ya mawe makubwa yaliyobebana kama vyungu. Pale Mwitongo pimbi wanakimbia juu ya mawe bila woga. Mwalimu Nyerere amelala hapo tangu Oktoba 1999. Nyumba kubwa ni ile aliyojengewa na jeshi. Aliishi ndani yake muda mfupi tu kabla ya kufariki. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza majeshi yetu katika vita vya Kagera, alikuwa mtu wa hapa hapa. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, akazikwa Butiama.

Tulidhani kasisi angetaka kusikia habari za vita vile. Yeye alikuwa akiwaza kwamba mtu huyu mmoja aliyeamuru vita vya mwaka 1978 ndiye aliyepewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Alisimama kaburini muda mrefu, kofia mkononi. Mwenyeji wetu wa Bukiroba, aliyekuja nasi akisema anakuja kupunga upepo tu, alimsogelea.

"Lakini Mchungaji, hiyo barabara unayosema ilindwe. Inalindwa kwa nini? Si kwa ile ile bunduki?"

"Kwa ile ile, mama."

"Basi hujanijibu."

"Sijakujibu."

Jioni tulimsindikiza Bweri kupanda gari la Sirari. Mama alikuwa amemfungia unga wa muhogo katika kitenge chake cha zamani, akamwambia kitenge akirudishe mwenyewe, Krismasi, na jibu lake.