Mwendo wa Yule wa Nyuma

Wapendwa, wengi wenu mnaoishi kando ya barabara ya kupanda Akheri mmetuona alfajiri tukipita na suruali za mazoezi, na baadhi yenu mmecheka. Hatuwalaumu. Mchungaji amezoeleka akiwa ndani ya kanzu na kola, akitembea polepole kama mtu anayekwenda msibani. Siku ya kwanza mzee mmoja alisimama na fimbo yake, akatuuliza, "Wachungaji, mmefukuzwa na nani?" Tulimjibu kwamba tumefukuzwa na daktari.

Ndivyo ilivyokuwa. Sisi watatu tulisoma pamoja Makumira, na sasa wote tumevuka miaka arobaini. Wawili tuliambiwa presha imepanda, na wa tatu akaambiwa aangalie sukari. Huduma yetu ni ya kukaa na kula. Ukitembelea nyumba tano kwa siku, umekunywa chai tano, na mahali pengine mtori juu yake. Tukakubaliana kukimbia kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mwinjilisti wa mtaa wa jirani, anayetuzidi umri kwa miaka zaidi ya kumi, aliposikia akasema na yeye atakuja. Tukawa wanne.

Njia yetu huanzia Tengeru, pale barabara ya Moshi inapokuwa bado na malori machache. Tunapita Patandi, tunaanza kupanda kuelekea Akheri, na siku yenye nguvu tunafika Nkoaranga. Ni njia tulivu. Pande zote kuna migomba na mikahawa, na mipakani mwa mashamba yamepandwa masale. Mfereji unasikika kabla hujauona. Mwezi wa saba ukungu huwa mzito hadi mtu unasikia hatua za mwenzako bila kumwona. Halafu, ukiwa na bahati, mawingu yanafunguka na Mlima Meru unasimama mbele yako na mita zake zaidi ya 4,500, nawe unanyamaza bila kuambiwa. Jumamosi ni siku ya soko, hivyo sisi tunapanda huku akina mama wakiteremka na mikungu ya ndizi kichwani. "Poleni na mazoezi," wanatuambia. Wao ndio wenye mzigo, na bado ndio wanaotupa pole.

Njia hiyo ina historia ya imani yetu. Hapo Akheri ndipo wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Oktoba 1896, kabla hawajaona tunda la safari yao. Wengine wakaja, na mwaka 1902 kazi ikaanza Nkoaranga. Tukishuka upande wa Ziwa Duluti tunapita karibu na makaburi ya Wapolandi. Watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru kuanzia mwaka 1942 baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kuzunguka nusu ya dunia. Wengine safari yao iliishia hapa. Tulikuwa tukiomba kidogo tukipita hapo, kisha tunaendelea.

Tulianza kwa afya, lakini moyo wa mwanadamu haukawii kutafuta sifa. Mmoja wetu alinunua saa inayohesabu mwendo. Tukaanza kuulizana dakika. Ilipofika Septemba 2025, Alphonce Simbu akashinda mbio za marathoni za dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, hata wote wawili wakaandikiwa muda uleule. Watanzania tulifurahi, na sisi watatu tukapandwa na kichaa. Tulikimbia kama vile Tokyo iko Nkoaranga. Jumapili tulihubiri Wakorintho wa Kwanza sura ya 9, kwamba wote hushindana lakini apewaye tuzo ni mmoja. Washarika waliitikia "Amina."

Mwinjilisti alibaki nyuma. Mwanzoni mita hamsini, baadaye mia tatu. Tukifika juu tulimsubiri, lakini alipotufikia sisi tulikuwa tumeshapumzika, basi tuligeuka na kuanza kushuka. Yeye hakupumzika. Hatukuliona hilo kuwa jambo. Baadaye akatuma ujumbe kwamba goti linamsumbua. Tukajibu, "Pole sana mtumishi, tunakuombea," tukaendelea. Tukiwa wakweli, tulifurahi kidogo, maana muda wetu ulipungua.

Zikapita wiki tano. Jumanne moja tulisimama Akheri kwa mama anayekusanya maziwa. Tulimwamkia, naye akaitikia, lakini hakututazama usoni. Akasema, "Baba Wachungaji, yule mwenzenu mnamwonaga?"

Tukamwambia anaumwa goti.

"Haumwi goti," alisema. "Anapita hapa siku ambazo ninyi hampiti. Anakuja akitembea, anakaa pale kwenye jiwe mpaka jua linatoka. Nampa kikombe cha maziwa. Siku nyingine hanywi. Yule mzee mlimwacha."

Hatukukimbia tena asubuhi ile. Tulirudi tukitembea, na hakuna aliyetazama saa.

Hapa lazima tuungame mbele yenu. Mke wa mwinjilisti alikuwa amefariki miezi saba kabla. Sisi watatu tulikuwepo. Mmoja alihubiri, mmoja aliendesha liturujia, mmoja alitoa neno la faraja. Tulikaa matanga siku tatu, na wote walisema mazishi yalikwenda vizuri. Kisha tukarudi kwenye ratiba zetu. Alipotuomba kuungana nasi barabarani, tulidhani anataka mazoezi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu wa miaka hiyo, mwembamba, asiye na presha, anaamka saa kumi usiku ili kukimbia na watu wanaomzidi mbio.

Jioni ile tulikwenda kwake. Wazee wa milima hii, Wachaga na hata Wameru, wanajua maana ya jani la isale mkononi mwa mtu anayekuja kuomba msamaha. Tulikata moja mpakani, tukaenda nalo, ingawa tuliona aibu kidogo, wasomi wa teolojia wenye jani mkononi. Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila hasira, "Wachungaji, nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikuja ili nisikie watu wakiongea asubuhi. Lakini nilikuwa naona migongo tu."

Tukamuuliza kama anaomba. Akanyamaza, halafu akasema amewaongoza washarika katika sala kila Jumapili, lakini akiwa peke yake ameshindwa kwa muda mrefu. Neno hilo lilituuma kuliko yote. Mtumishi mwenzetu alikuwa akififia katika imani, na mama wa maziwa ndiye aliyemwona.

Tangu siku hiyo tumerudi kwenye Mwanzo sura ya 33. Esau, akiwa na watu wake 400, anamkaribisha Yakobo wasafiri pamoja. Yakobo anamwomba atangulie, kwa sababu watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na wakikazwa mwendo siku moja tu kundi lote litakufa. Yeye atafuata polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Yakobo alikuwa na ujanja wake, tunajua. Lakini kama mchungaji wa mifugo alisema kweli. Mfugaji yeyote hapa kwetu anaielewa: kundi hutembea kwa mwendo wa ndama. Mtume Paulo alituhimiza tupige mbio, wala hatumpingi. Ila hakusema tumwache mwenzetu barabarani ili tupate taji.

Wahubiri tunapenda kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunamsifu kwa kumaliza. Mara chache tunajiuliza nani alikuwa bado amekaa uwanjani kumpokea.

Tulibadilisha kanuni. Sasa mwinjilisti anatangulia, sisi tunafuata. Hakuna anayempita. Tukifika juu tunakaa wote, na anayeinuka kwanza ni yeye. Saa ya kuhesabu mwendo inabaki nyumbani. Hatufiki Nkoaranga mara nyingi, na presha, daktari anasema, inashuka vilevile. Tusiwadanganye kwamba yote yamekwisha. Bado kuna asubuhi haji. Siku hizo hatumtumii ujumbe. Tunabadilisha njia, tunapita kwake, tunagonga mlango. Wakati mwingine anatoka. Wakati mwingine tunakaa naye jikoni kwake, na mmoja wetu anasali, na yeye anaitikia "Amina" kwa sauti ndogo. Mwezi uliopita alianza sala mwenyewe. Ilikuwa fupi.

Wapendwa, sharika zetu nazo zinakimbia. Tunajenga, tunaahidi, tunachanga, tunasoma majina ya waliotimiza na kuyapigia makofi. Ni vizuri. Lakini Jumapili hii, kabla ya kuulizana tumefikia wapi, tugeuke na kutazama nyuma. Kuna mjane ambaye haji jumuiya kwa sababu hana cha kutoa. Kuna kijana aliyepata kipaimara na hajaonekana tena. Kuna anayesema ni goti.

Tumfuate tukamuulize.