Jina la Baba Mkubwa Ukutani

Kangundo, Agosti

Mwanangu Mwende,

Baba yako ni mzima isipokuwa macho, ambayo yanazidi kufifia. Juzi simu ilikatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe si la simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nimempata baba mkubwa.

Unajua tulivyosimuliwa. Babu yako na kaka yake waliandikishwa jeshini wakati wa vita vya Hitler. Babu yako aliingia King's African Rifles (KAR), kikosi cha 11, akapelekwa Bama, akarudi mwaka 1946. Baba yako alizaliwa mwaka uliofuata akaitwa Musyoka, kwa sababu kwetu kusyoka ni kurudi. Kaka yake hakurudi. Nyumbani ilisemwa tu kwamba alipotelea Bama, na mazungumzo yakaishia hapo. Nyanya, mama yao, alikataa matanga yasikaliwe. Kipande chake cha shamba kando ya mto hakikulimwa na mtu. Nimekua nikikiona kimejaa magugu katikati ya mahindi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nilipoanza kumtafuta nilianza vibaya, nawe usirudie kosa langu. Nilitafuta kwa jina letu la ukoo, hilo lililo kwenye pasipoti yako. Halikuwepo popote. Katika ofisi moja niliambiwa karatasi za askari wa zamani hazipo kabisa, nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Ilinichukua muda kutambua kwamba jina hilo lenyewe halikuwepo wakati wa vita. Lilianza siku babu yako alipompeleka baba yako shule, mwalimu akamtaka aandikishe jina la pili. Jeshini mtu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, na aliyeandika ni karani ambaye pengine hakujua neno hata moja la Kikamba. Aliandika alichosikia. Nthenge anaweza kuwa Ndenge, Nzioka akawa Njoka. Ukitafuta kwa herufi za leo utampita mtu wako bila kumwona. Tamka jina kwa sauti, kama angelitamka kijana wa Kangundo aliyesimama mbele ya meza ya mgeni, halafu jiulize mgeni yule angeliandikaje.

Kilichonifungulia njia ni mkebe wa biskuti wa nyanya. Ndani yake, chini ya shanga zake, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: ya pesa ambazo baba mkubwa alimtumia kutoka katika mshahara wake, naye akazipokea kwa DC, mkuu wa wilaya, Machakos. Nyanya hakujua kusoma, lakini hakuitupa. Na pale juu, kwa wino uliogeuka kahawia, pana namba yake ya jeshi. Mwanangu, kabla hujagusa faili lolote, tafuta namba. Jina lilikosewa na kila karani kwa namna yake, lakini namba walikuwa wakiinakili tarakimu kwa tarakimu.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa kuanzia Septemba 1939 hadi mwisho wa 1947, na mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti bila kulipa. Nililinganisha ile namba na majina yote yaliyofanana na lake kwa sauti, moja baada ya jingine, hadi ikakubali. Kikosi: mizinga ya Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301. Tarehe: 12 Februari 1944.

Nikamwita baba yako aje kusikia. Maana tarehe hiyo haikuwa ya Bama, ilikuwa ya meli aliyopanda.

Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari mwaka huo ikielekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 walikuwa wanajeshi wa mizinga wa huku kwetu. Wengine walikuwa mabaharia, na wanawake pia walikuwemo, wakiwemo wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga kwa torpido, na kwa muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imekwisha kuzama. Walikufa watu 1,297. Manowari za Uingereza zilizoisindikiza ziliisaka nyambizi hadi zikaizamisha, lakini baadhi ya mabomu ziliyoyaangusha majini yalilipuka palepale walionusurika walipokuwa wakielea. Sehemu hiyo niliisoma mara moja tu. Siwezi kuirudia.

Kwa hiyo baba mkubwa hakuiona Bama. Nyanya alizeeka akimngoja kutoka msitu asioujua, kumbe mwanawe alifia baharini, siku chache tu baada ya kuondoka Mombasa. Babu yako alijua? Nimeliwaza sana. Nilipokuwa shule ya msingi darasa letu lilipelekwa Mombasa kuona bahari, naye akanikatalia, mimi peke yangu katika darasa zima, bila kunipa sababu. Nilimkasirikia miaka mingi. Sasa ningependa kumwomba radhi.

Juni nilikwenda na kaka yako kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Ukuta wa kumbukumbu umejaa majina ya wasio na makaburi, na wale wa meli wamo. Jina lake lipo, na herufi mbili zimekosewa. Baba yako anataka tuiandikie Tume walisahihishe, na inawezekana ukiwa na ushahidi. Mimi bado sijakubali. Hilo ndilo jina aliloitikia kwenye gwaride, na wenzake walioandikwa naye ukutani walimjua kwa hilo. Tutalizungumza ukija.

Kuna mwingine ambaye nadhani hatutampata: mjomba wa babu yako, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza, kwenye ile Carrier Corps iliyoacha jina la Kariakoo. Yeye hana namba wala karatasi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Inaniuma kwamba wazee wetu waliliwa na idadi.

Sasa kazi yako. Orodha ya Tume ni ya waliokufa tu. Aliyerudi hai hayumo, kwa hiyo babu yako ni mgumu zaidi kumpata kuliko kaka yake. Medali yake, Nyota ya Bama, tunayo, lakini haina jina. Hapo London, nenda Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Chukua kitambulisho na uthibitisho wa anwani wakupe kadi ya msomaji. Beba penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi ndani, na simu kwa ajili ya picha. Omba shajara za vita za 11 KAR za mwaka 1944, fungu la WO 172. Usivunjike moyo ukikuta maofisa ndio wenye majina na askari ni hesabu. Mimi nataka siku zenyewe: mvua ilivyowanyeshea Bonde la Kabaw kuanzia Agosti, walikolala, na siku ile ya Desemba divisheni yao ilipouvuka mto Chindwin pale Kalewa. Babu yako alikuwa akisema tu, "Tulivuka maji mapana," kisha ananyamaza.

Matanga ya baba mkubwa tutayakalia Desemba ukipata likizo, na shamba la kando ya mto tumekubaliana lisiguswe mpaka hapo. Picha za kurasa nitumie zikiwa kubwa. Nitamsomea baba yako mwenyewe, polepole.

Shangazi yako