Muhuri na Mizani

Muhuri ni shahidi mwaminifu, lakini maneno yake ni machache. Husema kuwa mtu fulani alihusika na jambo; hausemi kama alikuja kwa hiari yake au alivutwa.

Huko Jemdet Nasr, katika nchi ya Iraki, vilifukuliwa mwaka 1926 na 1928 vibao vya udongo vyenye umri wa miaka ipatayo 5000. Zaidi ya kumi kati ya hivyo vina chapa ya muhuri mmoja wenye alama za miji mingi, miongoni mwayo Ur, Larsa, Nippur na Uruk. Wataalamu wengi wameona hapo dalili ya ushirikiano, lakini hawakupatana juu ya namna yake. Wako waliofikiri habari ya shirikisho la biashara au la ulinzi; Piotr Steinkeller aliona miji iliyopeleka sadaka kwa Inanna, mungu wa kike wa Uruk. Udongo ni ule ule, hukumu ni mbalimbali.

Shauri hili laweza kupimwa hata na mkazi wa Kambarage, mjini Shinyanga, kwa historia ya pamba ya kwao. Wakulima wa Jimbo la Ziwa, walipochoka na mizani ya wanunuzi wasiowaamini, waliunda vyama vyao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama hivyo vilipata shirikisho, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua tena njia ya vyama hivyo.

Tuseme stakabadhi mbili za pamba, moja ya mwaka 1960 na nyingine ya mwaka 1978, zafukuliwa baada ya miaka 5000. Kila moja ina uzito, bei na muhuri. Mfukuaji atasema kuwa watu hawa waliuza mazao yao kwa umoja, naye atakuwa amesema nusu ya kweli. Nusu ya pili haikupigwa chapa: ni nani aliyemchagua msimamizi wa mizani, na ni nani aliyeweza kumwondoa?

Kwa hiyo, msomaji wa vibao vya kale na aulize swali hilo hilo. Jina la mji juu ya udongo lathibitisha kuwa mji ulihesabiwa. Kwamba ulishauriwa, hilo lataka ushahidi mwingine.