Unga wa Petare

Kwenda mlimani ulipanda jipu. Ukitoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Petare, mashariki mwa Caracas, mji mkuu wa Venezuela, ulipita kati ya wauza ndizi, betri na sidiria, ukafuata harufu ya petroli mpaka pale madereva walipokuwa wakiita abiria. Zilikuwa Toyota kuukuu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, abiria goti kwa goti. Kila aliyeingia alisema "buenas", nasi sote tukaitikia, hata aliyekuwa anasinzia. Kisha gari lilianza kupanda kwa gia ya kwanza, likiunguruma, na chini yetu zikabaki nyumba za matofali mekundu zilizobebana mpaka bondeni.

Mwaka ulikuwa 2006. Kwenye dashibodi dereva alibandika Bikira Maria wa Coromoto, na pembeni yake picha ndogo ya Rais Hugo Chávez amevaa bereti nyekundu. Alijaza tangi zima kwa bei ya chupa mbili tatu za maji. Nilipomuuliza sababu alinisimulia Februari 1989, alipokuwa kijana: serikali ya wakati ule ilipandisha bei ya petroli, nauli zikapanda, watu wa milimani wakateremka mjini kwa hasira, na askari wakawamiminia risasi. Waliokufa ni mamia. Tangu hapo bei ya petroli ilikuwa kitu cha kuogopwa, na Chávez hakuigusa mpaka anaingia kaburini.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akishona sare za shule. Mimi nilimwita señora, naye aliniita mija, kama alivyowaita binti zake. Nyumba yake haikuwa na plasta, na juu ya paa nondo zilichomoza zikingojea ghorofa ya mwanawe wa kiume. Asubuhi mlima Ávila ulikuwa mbele yetu upande wa kaskazini, kijani kibichi, ukungu umeufunga kiunoni. Jioni kasuku wakubwa wa buluu na manjano walipita wawili wawili wakipiga kelele, na giza likiingia vyura wadogo walianza kuita. Usiku mwingine zilisikika risasi. Tulizima taa, tukajitenga na dirisha, tukaendelea na mazungumzo kwa sauti ya chini.

Maisha yote ya nyumba ile yalikuwa jikoni. Kahawa alichuja kwa mfuko wa kitambaa uliokwisha kuwa mweusi kwa miaka. Maharage meusi yalichemka tangu alfajiri, na kotimiri ilinukia mpaka kwenye ngazi za nje. Kisha aliteremsha pakiti ya manjano ya unga wa mahindi wa Harina P.A.N., ile yenye picha ya mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu cha madoa. Mimi niliyelelewa kwa ugali nilisimama nikimtazama. Maji ya vuguvugu kwanza, chumvi, halafu unga ukidondoshwa kidogo kidogo huku mkono ukizunguka, mpaka donge likawa laini lisilo na mabuje. Alilikata, akalifinyanga matonge, akayabana kati ya viganja mpaka yakawa arepa, duara nene, akayapanga kwenye budare, bamba la chuma lililokuwa la mama yake. Akitaka kujua kama arepa imeiva aliigonga kwa kidole cha kati, akainamisha sikio. Ikilia kama ngoma ndogo, imeiva. Aliipasua ikiwa ya moto, akatia siagi na jibini jeupe, akanikabidhi na bilauri ya sukari guru iliyokamuliwa ndimu.

Jumapili, saa tano asubuhi, televisheni iliwashwa na haikuzimwa. Kipindi cha Aló Presidente kiliweza kuendelea mpaka jioni. Rais aliimba nyimbo za nyika, aliwauliza mawaziri wake maswali mbele ya taifa zima, akasimulia utoto wake Sabaneta, alivyokuwa akitembeza peremende za papai alizopika bibi yake, Rosa Inés. Hapo señora aliacha cherehani. Naye alikuzwa na bibi, naye aliuza vitu vya kupikwa nyumbani kabla hajavaa viatu. Nilimwona akiitikia kwa kichwa, midomo ikicheza, na nikaelewa kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuzungumza naye hivyo. Alikumbuka bado ile dakika moja ya Februari 1992, mapinduzi yaliposhindwa na Chávez, wakati ule luteni kanali kijana, akatokea kwenye skrini akasema wajibu ni wake mwenyewe. Señora aliniambia alikaa chini. Hakuwahi kusikia kiongozi akisema hivyo.

Wala hayakuwa maneno matupu, na nitawabishia wanaodai yalikuwa matupu. Hatua chache kutoka kwetu kilijengwa kijumba cha matofali mekundu chenye pembe nane, daktari Mkuba akiishi juu na kutibu chini, usiku na mchana, bila malipo. Jirani yetu mmoja, bibi aliyekwisha kuona vitukuu, alikuwa amesoma darasa la Misión Robinson, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma na kuandika, mbele ya televisheni na mkanda wa video. Walifundishwa herufi kwa kuzifungamanisha na tarakimu, kwa sababu asiyejua kusoma hesabu za pesa anazijua. Alinionyesha daftari lake. Jina lake lilijaza ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Duka la serikali la Mercal liliuza chakula kwa bei nafuu, na kwenye mifuko palichapwa vifungu vya katiba. Kuna asubuhi bibi huyo alisimama mlangoni kwetu na mfuko wa mchele akausoma wote, taratibu, sisi tumenyamaza.

Mwaka 2008 pipa la mafuta lilifika dola 147 katika soko la dunia. Miaka 10 nyuma, Chávez alipokuwa akiomba kura kwa mara ya kwanza, lilikuwa karibu dola 10. Kule mlimani fedha hizo ulizihisi kwa harufu: nyama ikichomwa Ijumaa, manukato mapya kwenye jipu, rangi mbichi ya ukutani. Ila señora, ambaye macho yake yalizoea kutafuta uzi kwenye sindano, ndiye aliyeanza kusoma maandishi madogo ya kwenye vifungashio. Kuku wa Brazili. Maziwa ya unga ya ng'ambo. "Sisi tuna nyika yote ile," aliniambia, akikunja mfuko ili autumie tena.

Mwaka 2010 tulimwona Rais akitembea katika Plaza Bolívar, akinyooshea kidole jengo moja baada ya jingine na kuamuru yataifishwe, umati ukishangilia. Mashamba nayo yalichukuliwa, viwanda vilichukuliwa, na bei ya unga ilifungwa kwa amri hata pale ambapo kuusaga kuligharimu zaidi. Pakiti ya manjano ikaanza kuadimika. Habari ilipita kwa simu kwamba unga umefika mahali fulani, na mtaa mzima uliteremka. Nilipanga foleni na señora kwenye jua, yeye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashona pindo la sketi ya mtoto wa mtu ili muda usipotee. Kila mtu alipewa pakiti chache. Hakumlaumu Chávez, alisema wanaomzunguka ndio wanaomficha ukweli.

Chávez alikufa tarehe 5 Machi 2013, kwa saratani. Makamu wake, Nicolás Maduro, alitangaza jioni, na mlimani palitulia hivi kwamba nilisikia maji yakitiririka kwenye mtaro. Kisha mwanamke mmoja alilia chini bondeni, akaitikiwa na mwingine juu. Señora alivaa blauzi nyekundu, akateremka kupanga foleni ya kumuaga, akarudi siku ya pili na miguu imevimba. Alisema Rais alionekana amelala. Nami nilihama baadaye mwaka huo.

Bei ya mafuta ilianguka mwaka 2014, na njaa ikafuata. Zaidi ya Wavenezuela milioni 7 wameihama nchi yao. Wajukuu wa señora wako Lima. Mimi sitamtukana mtu aliyemfanya bibi yule asome mfuko wa mchele mlangoni kwangu. Lakini aliikuta nchi inategemea mafuta, akaiacha inayategemea zaidi, zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje yakiwa mafuta. Mahindi ya kulisha Petare yanaota vizuri katika jimbo la Portuguesa, na yanaota Barinas, jimbo alikozaliwa yeye mwenyewe. Katika miaka 14 ya utawala wake, fedha za kuyalima zilikuwepo.