Banda la kuku bila mlango? Hapana, jamani

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane: banda la kuku la uani linahitaji mlango unaofungwa. Hata huku Mkomani. Hata kama ua wenu umezungukwa na ukuta wa mawe na chokaa uliojengwa kabla babu yako hajazaliwa.

Najua wenye mtaa mtanipinga, maana nyumbani nishapingwa tayari. Bibi yangu ana kuku kumi na mmoja. Pesa ya mayai ni yake, haombi mtu. Walikuwa kumi na wawili, mpaka asubuhi moja tukakuta manyoya tu. Nikasema tuweke mlango. Bibi akautazama ukuta, akaniuliza: "Ukuta wote huu, hicho kitu chapita ndia ipi?" Mjomba naye akasema pesa ya mbao bora inunue chakula cha kuku. Na mimi tangu niache chuo, wazo langu lolote pale nyumbani linapunguzwa bei kwanza.

Lakini swali la bibi lina jibu: kinapita juu. Nyumba za Mkomani zimebanana, vichochoro vyembamba, na kila siku unaona paka anatembea juu ya kuta kama yuko barabarani. Kama paka anaweza, kanu je, ambaye kupanda miti ndiyo kazi yake? Ukuta unazuia punda na watu. Mnyama wa usiku haumsumbui.

Na kuku usiku hana ujanja. Gizani haoni vizuri, akishapanda kijiti chake ametulia hapo mpaka alfajiri. Mchana angekimbia, angepiga kelele mtaa mzima ujue. Usiku anaokotwa tu. Halafu mnyama akiingia bandani, kuku wakaanza kupaparika, anaweza kuua wengi kuliko anaoweza kula. Yaani hasara si lazima iwe kuku mmoja mmoja. Inaweza kuwa banda zima kwa usiku mmoja.

Msinichanganyie na kunguru. Wale tunawajua, na mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja nchini. Ila kunguru anakuja mchana kuchukua vifaranga. Dawa yake ni wavu juu, si mlango wa usiku.

Kuna wanaosema tukifunga tutawapika kuku kwa joto. Hapo mko sawa, kama mlango ni ubao mtupu. Weka fremu ya mbao, uwambe wavu wa matundu madogo, nusu inchi hivi, hewa ipite. Ule wavu wa kuku wa kawaida matundu yake ni makubwa, panya anapenya. Na weka komeo la kweli, si kamba, maana kamba huwa inafungwa siku tatu za kwanza tu.

Mtandaoni mtaona milango ya kujifunga yenyewe kwa umeme. Wenzetu wa London wana sababu: Desemba jua lao linatua kabla ya saa kumi jioni, Juni linapita saa tatu usiku. Sisi tuko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua letu linatua saa kumi na mbili na dakika kadhaa, na tofauti ni kama nusu saa tu. Tena tunaambiwa kwa kipaza sauti. Adhana ya Magharibi ikilia, kuku wako njiani kuingia au washaingia. Ukitoka kuswali, unawahesabu, unafunga. Bure kabisa.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Jirani mmoja aliposikia habari ya kuku wetu alishauri tuweke sumu kwenye kipande cha nyama. Eti kesho yake tatizo limeisha. Jamani, sumu haichagui. Hatujui nani alimla yule kuku. Paka wa Lamu hawana ua wao, wanazunguka nyumba zote, na wengine wana watu wanaowapenda. Tuue paka wa nyumba ya pili kwa kosa la kanu, halafu tuwaangalie vipi watu tunaoazimana nao chumvi? Ukiwa na mlango huna haja ya kumtafuta mshukiwa. Unafunga, na yeyote aliyekuja anarudi na njaa yake.

Faida nyingine: siku ya chanjo ya kideri, kuku waliolala ndani unawashika mmoja mmoja bila mbio za uani. Anayefuga anajua kideri kikipita mtaani kinavyosafisha mabanda.

Bibi bado hajakubali. Amesema nimletee bei, na kwa bibi hiyo ni hatua kubwa. Nimemwambia pia kufunga kila jioni ni kazi yangu, kwa sababu mlango ambao kila mtu anadhani mwenzake kaufunga huwa uko wazi.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, kaeni nyumbani mkubaliane: nani anafunga, na siku akisafiri, nani anashika zamu yake? Mkishapata majina mawili, nendeni kwa fundi.