Taili ya Ukutani na Kilicho Nyuma Yake



Wiki hii dada mmoja wa kanisa letu ameniandikia, na amenikubalia nimjibu hapa bila kumtaja, maana anaamini si yeye peke yake mwenye swali hili. Anauliza: "Pasta, mume wangu anataka tuchukue mkopo wa chama tuweke taili za mapambo kwenye ukuta wa sebule kabla ya Krismasi, wageni wa kwao wakija. Mimi naona ni majivuno. Je, ni dhambi?"

Dada, si dhambi. Naanza na hilo ili usiendelee kusoma ukiwa na wasiwasi.

Fungua 1 Wafalme 6. Kuta za nyumba aliyoijenga Sulemani zilichongwa makerubi, mitende na maua yaliyochanua. Ua la ukutani halishikilii paa wala halizuii mvua. Liliwekwa pale kwa sababu ni zuri, na Mungu hakulikataa. Halafu soma Kutoka 31, umwone Bezaleli, fundi, akitajwa kwa jina na kujazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Anayesema ukuta wa mtu aliyeokoka lazima ubaki simiti tupu anionyeshe mstari.

Najua mtu ataniletea Hagai sura ya kwanza, wale waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Bwana imebomoka. Ni neno zito na sitaki kulipunguza. Lakini nabii hakuzikasirikia mbao. Aliuliza kwa nini hiki kimemalizika na kile bado hakijaanza. Swali lake ni la utaratibu: nini kwanza? Nataka tukae hapo kidogo, na nitakueleza habari za jikoni kwa mama yangu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza juu ya taili mambo ambayo chuo cha Biblia hakikunifundisha.

Mwaitu anaishi upande wa Kitui, mbele ya Ikutha, ukitokea kwetu Kibwezi na kuvuka mto Athi. Mwaka jana sisi watoto wake tulikubaliana kumwekea taili. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alikuwa na ukuta wake. Kitinda mimba wetu, aliye Nairobi, alituma picha za ukuta wa mbele wa nyumba, taili za mfano wa mawe. Mwingine alitaka sebule, kijivu chenye mishipa kama marumaru. Picha zilifika kama thelathini. Ndipo dada yetu mkubwa akaandika mstari mmoja: "Kuna mtu amemuuliza Mwaitu?"

Akapigiwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka jikoni. Ukuta wa pembeni ya jiko, anapokatia sukuma na kuosha vyombo, ili aweze kupangusa masizi kwa kitambaa. Mmoja wetu akamwambia, lakini Mwaitu, jikoni nani ataona? Akajibu: "Baba yenu mmemjengea nyumba ya taili, na hapiki humo."

Alikuwa anasema juu ya kaburi.

Wapendwa, mnajua anachosema. Mmepita barabara zetu, za Makueni na za Kitui, mkaona makaburi yamevishwa taili yanang'aa juani, na hatua chache kutoka hapo jiko la mama mjane, ukuta mweusi, moshi umejaa. Kuwaheshimu waliolala si vibaya. Nimezika wengi, na najua familia inapata faraja kuona mahali pao pakiwa safi. Nasema tu kwamba yule mama ana macho, na yuko hai, na anaamka saa kumi na moja kuwasha moto.

Basi tukafanya jikoni. Ukuta wenyewe una urefu wa mita tatu, tukapanda mita moja na nusu. Hiyo ni mita nne na nusu za mraba. Taili ya sentimita 25 kwa 40, kumi zinajaza mita moja ya mraba, kwa hiyo ni 45, ukaongeza tano za kukata na kuvunjika. Nakuandikia hesabu hii kwa sababu nimeona watu wakinunua kwa kukisia, halafu wanarudi dukani kuongeza mbili na kukuta rangi si ile ile. Pembeni mwa boksi kuna namba ndogo ya awamu iliyochomwa pamoja. Maboksi yako yote yawe na namba moja. Macho ya dukani hayataona tofauti, lakini zikikaa bega kwa bega ukutani utaiona kila siku.

Aliyechagua ni Mwaitu mwenyewe. Tulimleta Kibwezi. Alizipita zile za marumaru bila kusimama, akachukua nyeupe tupu, kisha akauliza kama kuna za mkanda. Akapata mstari wa kahawia wenye pembe pembe, akaupitisha kidole, akawa anahesabu. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema ni kama kyondo, lakini aliyechora hajui kusuka, ameruka mstari. Akaichukua hivyo hivyo.

Sasa fundi. Nilimtarajia aje na karai na mwiko aanze kubandika. Yeye alikuja na nyundo ndogo. Akaanza kugonga ukuta, tk, tk, tk, akitega sikio, kutoka kona hii hadi ile. Mahali pengine ulilia sauti ya kujaa. Pengine ukalia kama ngoma. Akanigeukia: "Pasta, hii plasta imeachana na matofali. Nikiweka taili hapa itakaa miezi, halafu itashuka na plasta yake. Na hapa palipo na masizi na mafuta, simiti haitashika kitu."

Ile plasta aliipiga baba yangu kwa mkono wake mwaka 1996.

Tukatazamana. Ndugu yangu akasema labda tutafute gundi kali ya dukani tubandike juu yake. Fundi akasema gundi itaishika plasta vizuri sana, lakini plasta itashikwa na nini? Mwaitu akasikia kutoka nje, akaingia. Akachukua kipande kilichokwisha kuanguka, akakisugua kwa kidole gumba, kikawa unga. Akasema: "Mchanga mwingi, simiti kidogo. Mwaka ule mlikuwa wawili shule ya upili." Kisha akamwambia fundi: "Toa."

Hakuna aliyesema neno. Fundi akachukua tindo.

Nilipokuwa nikisaidia kuzoa vile vifusi, ndipo Walawi 14 ilipofunguka kwangu, kuanzia mstari wa 33. Ni sura ambayo wengi wetu tunairuka. Mtu akiona doa katika ukuta wa nyumba yake, anakwenda mwenyewe kwa kuhani na kusema, naona kama kuna pigo nyumbani kwangu. Ona vizuri: kuhani hazunguki mtaani akichungulia kuta za watu. Mwenye nyumba ndiye anayesema. Na kabla kuhani hajaingia, anaagiza vitu vyote vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Hata hapo Mungu anafikiria masufuria ya maskini! Kisha anatazama kama lile doa limeingia ndani kuliko uso wa ukuta. Nyumba inafungwa siku 7. Likiwa limeenea, mawe yenye doa yanang'olewa, ukuta unakwanguliwa ndani pande zote, yanaletwa mawe mengine na lipu mpya. Likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa.

Hakuna mahali katika sura hiyo ambapo mtu anaruhusiwa kupaka lipu juu ya doa. Ezekieli 13 anawasema waziwazi waliokuwa wakifanya hivyo: watu wanajenga ukuta dhaifu, manabii wanaupaka chokaa, na mvua inakuja.

Nirudi kwa fundi, maana kazi yake yote ni ya kusimuliwa. Mchanga wa mtoni aliuchekecha hadi ukabaki bila udongo. Tulitumia kidogo, na sisi wa Ukambani tunajua kwa nini: mchanga wa mto mkavu ndio tangi letu la maji. Makueni wametunga sheria yao ya kuuhifadhi mwaka 2015, na anayejua visima vya kuchimba mchangani hahitaji kuelezwa sababu. Maji nayo aliyakataa ya kisima cha bomba, yana chumvi, huacha weupe unaojitokeza kwenye mistari. Akataka ya mvua, ya tangini. Akapiga plasta mpya, karai moja la simiti kwa manne ya mchanga, na akamwagiza mtoto wa dada yangu aimwagie maji asubuhi na jioni siku saba, maana kwa jua letu la Ikutha simiti inakauka kabla haijakomaa. (Siku saba! Nilicheka peke yangu.)

Aliporudi hakuanzia sakafuni. Sakafu huonekana sawa na haiko sawa. Alipima kwa pimamaji, akapigilia ubao ulionyooka kwenye usawa wa mstari wa pili, akaanzia katikati ili vipande vya kukatwa vilingane pande zote mbili. Taili aliziloweka kwanza mpaka zikaacha kutoa mapovu, kwa sababu taili kavu ya aina ile hunywa maji ya simiti na kuiacha bila nguvu. Mgongo wa kila taili aliupaka wote. Hakuweka madonge matano kwenye pembe na katikati kama wafanyavyo wenye haraka. Hapo nyuma pakiwa na uwazi, utagonga sufuria siku moja na taili itapasuka. Katikati ya taili na taili aliweka vile vimisalaba vidogo vya plastiki vya kutenganisha. Nilishawishika kutoa mahubiri papo hapo, nikajizuia.

Na alipomaliza, akachukua tena ile nyundo, safari hii upande wa mpini, akagonga zote, moja baada ya nyingine.

Sasa, dada yangu. Kwenye ujumbe wako wa pili umesema ukuta huo wa sebule una alama ya maji inayorudi kila Novemba, na kwamba taili zingeificha. Hilo ndilo jibu langu lilipo. Majivuno sikuyaona katika ujumbe wako. Niliona maji. Yanatoka juu au yanapanda kutoka chini? Gata imeziba? Bati limetoboka? Msingi hauna kizuizi cha unyevu? Taili haitajibu hilo, itafunga tu mdomo wa ukuta kwa msimu mmoja. Mwombe mume wako apande juu kabla mvua hazijaanza. Ndugu, najua na wewe unasoma hapa: hamu yako ya kupokea watu wenu mahali pazuri ni hamu nzuri, na simpi mkeo fimbo ya kukuchapia.

Juu ya mkopo nitasema wazi. Krismasi inafuatwa na Januari, na Januari ina karo. Mkopo wa chama kwa ajili ya ukuta wa mapambo, mkiwa na watoto wawili wa sekondari, mimi singeuchukua. Wala msinunue boksi moja moja kila mwezi, kwa sababu ya ile habari ya namba. Afadhali ukuta mdogo unaoweza kununuliwa wote kwa mara moja, taslimu, hata kama ni pale tu juu ya karo la jikoni. Mkaeni wawili mzungumze ni ukuta gani, na yule anayeutumia zaidi aanze kusema.

Fundi aliyefanya kazi kwa Mwaitu amesema anaweza kushuka Kibwezi watu wakishamaliza kupanda. Anayetaka namba yake anione Jumapili baada ya ibada. Jumatano maombi ni saa kumi na moja jioni kama kawaida, na tutasoma Walawi 14 yote, kwa hiyo njoo na Biblia, si simu peke yake, chaji huisha.