Gesi Haiotwi



Sisi wakazi wa Mikocheni hatuna mengi ya kusimulia juu ya baridi. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini, hujifunika shuka mbili na kujiona tumekwisha kuonja kipupwe. Tena zipo nyumba hapa kwetu zinazopata gesi asilia kwa bomba hadi jikoni. Basi nilipofunga safari ya Makete, mkoani Njombe, mnamo Julai 2024, kumjulia hali mama mkubwa, nilidhani najua vema zawadi inayomfaa. Nilimpelekea mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake.

Nia yangu ilikuwa njema. Mafiga yake yamo katika kijumba cha nje ambacho kuta zake zimekuwa nyeusi kwa masizi, na miaka mingi ya moshi imemwachia macho mekundu na kikohozi. Serikali nayo ilikuwa imezindua, mwezi Mei mwaka huohuo, mkakati unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nikamwambia, "Mama, kuanzia leo kuni basi." Akatabasamu, akanikubalia kwa heshima. Jioni ile mafiga hayakuwashwa.

Chakula kiliiva upesi, jiko likazimwa, na hapo ndipo baridi ilipotuingilia. Kule juu, kuelekea uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, zipo asubuhi za Juni na Julai ambapo nyasi huamka zimevikwa sakitu nyeupe. Nyumba ya bati isiyo na dari haihifadhi joto hata kidogo. Kwa kumhurumia mgeni wake, mama mkubwa akakoleza jiko la mkaa, akaniingizia chumbani. Nami, kwa ujinga wangu, nikafunga dirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga.

Usiku wa manane nilizinduka kichwa kikinigonga kama kinu kinachotwangiwa. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka. Kishindo hicho ndicho kilichoniokoa. Mama mkubwa aliusukuma mlango, akanikokota hadi uani, akaniketisha katika hewa ya baridi ileile niliyokuwa nikiikimbia.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na ndiyo maana tunauamini. Kumbe hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Wengi walioivuta usingizini hawakuamka tena.

Asubuhi aliwasha mafiga, tukaketi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Gesi haiotwi, mwanangu."

Ndugu zangu, maneno hayo nimerudi nayo Dar es Salaam, na bado ninayatafakari. Mimi niliyaona mafiga kuwa ni mahali pa kupikia. Yeye aliyajua kuwa ni mahali pa kuota moto, pa kukaushia mahindi yaliyotundikwa juu, pa wajukuu kukusanyika kabla ya kulala. Zawadi yangu ilichukua kazi moja na kuziacha nyingine zote bila mwenyewe.

Je, angeweza kuota nini badala yake? Umeme umefika kijijini kwao. Lakini hita ya wati 2,000 ikiwashwa saa 4 kila jioni hula uniti 8. Mteja mdogo wa majumbani hulipa Sh 100 kwa uniti, bila kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kwa hita hiyo zitakwisha siku ya kumi. Zinazozidi ni Sh 350 kila moja, yaani Sh 2,800 kwa jioni moja. Gesi, hata kama ingeotwa, kuujaza mtungi wake hugharimu zaidi ya Sh 20,000. Kilichobaki ni kuni, na mabanzi ya misindano kutoka wanakopasua mbao.

Injili yatukumbusha kwamba hata Petro, usiku ule uani kwa kuhani mkuu, alisogea kwenye moto wa makaa pamoja na watumishi, maana kulikuwa na baridi. Baridi haimchagui mtu.

Baada ya kurudi, tulichanga kama familia. Fundi akamjengea mama mkubwa jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje, ambalo hupika na kupasha chumba joto. Kisha akampigilia dari. Mtungi bado anao, kwa chai ya alfajiri na wageni wa ghafla. Kuni hazikwisha, ila zimepungua, na kikohozi kimetulia.

Mliotoka nyanda za juu, wapigieni simu wazee wenu juma hili. Waambieni wasilale na jiko la mkaa ndani, hata likionekana limefifia. Na kabla ya kuwapelekea kitu kipya, waulizeni kile cha zamani kinawafanyia kazi ngapi. Mimi sikuuliza, nikakaribia kulipa kwa uhai wangu.

Nawatakia juma jema.